Waliokataliwa na Programu

Njiro, Arusha

Mama Neema mpendwa,

Habari za Moshi? Huku baridi imeshaingia, sweta haivuliki. Ofisini tunaajiri wapishi na wasaidizi wa waongoza watalii kwa ajili ya msimu, na ile programu ya akili bandia niliyokusimulia Pasaka imeanza kazi. Maombi yanaingia, yenyewe inayapanga kwa alama kabla sijamaliza chai.

Wiki iliyopita nikajisemea, hebu niwaangalie waliokataliwa. Nikamkuta mama mmoja wa Marangu. Amepanda Kilimanjaro miaka sita akiwa mgumu, yaani mpagazi, akapikia wageni kambini, kisha akakaa nyumbani miaka mitatu kulea. Alama 31 kati ya 100! Waliomzidi wana vyeti vinavyong'aa, lakini sijui kama kuna aliyewahi kuinjika sufuria kwenye upepo wa kambi ya Barafu, kule juu mlimani.

Kijana wetu wa kompyuta anasema programu ilijifunza kwa watu tuliowaajiri miaka ya nyuma. Unawajua: karibu wote wanaume, wasiokatisha kazi kwa uzazi. Basi inatuiga. Hata kampuni ya Amazon yaliwakuta. Walianza kutengeneza ya kwao mwaka 2014, wakailisha CV za miaka 10, nyingi za wanaume, ikawa inamshusha aliyeandika kwamba aliongoza klabu ya chesi ya wanawake. Wakaiacha, habari ikatoka 2018. Na wao wana wahandisi wa kumwaga.

Bosi anasema mashine haipokei vimemo. Hapo ana haki, simu za "huyo ni mtoto wa shemeji yangu, mwangalie" zimepungua kweli. Ila barua ya kukataa inajituma yenyewe saa nne usiku, na chini kuna jina langu. Mtu akinipigia kuuliza kosa lake, nimjibu nini?

Nimemwonyesha bosi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: mtu anaweza kudai uamuzi unaomgusa sana usifanywe na mashine peke yake. Kasema tutaongea. Kwa sasa nimezizuia zile barua, na kila jioni nasoma waliokataliwa, nikianzia mkiani. Jana nilisoma 40. Baba Elia kalalamika ugali umepoa.

Yule mama nimempigia, anakuja Jumanne na basi la asubuhi. Bosi bado hajui.

Wewe ukija, niletee ndizi mshare za mtori.

Wako,
Mama Elia