Seli za Moyo Zinapogeuka Duara, Kimeng'enya Si Mshukiwa Pekee

Maabara zinazonunua kolajenasi, kimeng'enya kinachokata nyuzi zinazoshikilia seli pamoja, kwetu hapa Dar es Salaam kwa ajili ya kutenganisha seli za misuli ya moyo wa panya hurudi na malalamiko yale yale: chini ya darubini, badala ya seli ndefu kama fito, zenye mistari myembamba iliyopangika, wanaona vidonge vya duara vilivyojikunyata. Seli ya namna hiyo imekwisha kufa au inakufa, na chupa yetu ndiyo hulaumiwa kwanza.

Lawama hiyo wakati mwingine ni ya haki. Kolajenasi hutokana na bakteria, na nguvu yake hutofautiana kati ya toleo na toleo, hata lebo ikiwa ile ile. Kwa hiyo tunamshauri mteja achukue kiasi kidogo, akijaribu, kisha aagize chupa za toleo hilohilo zitakazomtosha utafiti wote. Ushauri huu hutuchelewesha kuuza, lakini hupunguza ugomvi.

Hata hivyo, madhara mengi hutokea nje ya chupa. Katika njia ya mwanafiziolojia Mjerumani Oskar Langendorff ya mwaka 1895, aota, yaani mshipa mkuu utokao moyoni, hufungwa kwenye kanula (mrija mwembamba) na kimiminika kinachobeba kimeng'enya husukumwa kinyume cha mkondo wa damu, hivyo vali hujifunga nacho huelekea kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Kiputo kimoja cha hewa kikipenya humo, sehemu ya msuli haifikiwi kabisa. Umeme ukikatika, bafu la maji linalokipa kimiminika joto hushuka chini ya nyuzi 37 na kimeng'enya hupoteza kasi. Betri ya akiba si anasa.

Hatua inayodai subira zaidi ni kurudisha kalsiamu. Huondolewa mwanzoni ili seli ziachiane, lakini ikirudishwa yote kwa mkupuo hufurika ndani, seli zikajikaza na kufa. Iongezwe kidogo kidogo, kwa kupumzika dakika kadhaa kila awamu, hadi kufikia takriban milimoli 1 kwa lita au zaidi kidogo. Seli nzima hutulia tuli mpaka ichochewe kwa umeme. Inayojikunjakunja yenyewe isihesabiwe.

Ukija kulalamika, njoo na namba ya toleo, picha ya darubini, na idadi ya dakika zilizopita tangu moyo utolewe hadi kimiminika kilipoanza kupita. Moyo ukichelewa kupata kimiminika, kosa si la chupa; bila dakika hizo, hatuwezi kuamua kama tukubadilishie.