Makubaliano ya malezi baada ya kutengana: yaandikwe vipi, yabadilishwe lini

Wazazi wengi wanaokuja ofisini kwetu Magomeni, Dar es Salaam, baada ya kutengana huwa wameshakubaliana kuhusu watoto. Tatizo ni kwamba makubaliano yenyewe yako mdomoni. Kwenye kikao cha wazee, mbele ya shangazi na baba mdogo, ilisemwa kuwa baba atakuwa anawaona watoto na atatoa matunzo. Miezi michache baadaye mama analalamika kwamba pesa inakuja kwa kudra, na baba analalamika kwamba kila akienda anaambiwa mtoto amelala. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, maana hakuna aliyewahi kutaja kiasi, siku wala saa.

Kwa hiyo tukiketi na wazazi wenza, muda mwingi tunautumia kwenye mambo yanayoonekana madogo. Chukua sentensi hii tunayoikuta sana: "Baba atamuona mtoto muda wowote." Imeandikwa kwa nia njema, lakini ugomvi huanzia hapo. Tuseme mama anaishi Mbagala, baba Tegeta, na bibi aliye Sinza anaaminiwa na pande zote. Tungeandika hivi: baba atamchukua mtoto shuleni Ijumaa ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, atamrudisha kwa bibi Sinza Jumapili kabla ya saa 11 jioni, na akikwama kwenye foleni atampigia mama kabla ya saa hiyo. Halafu tunaingia kwenye likizo ya Juni na ya Desemba, sikukuu, nani anakaa na cheti cha kuzaliwa na kadi ya bima, nani anaitwa kwanza mtoto akizidiwa usiku. Tunauliza pia kama mtoto anaruhusiwa kumpigia simu mzazi ambaye hayuko naye siku hiyo. Watoto huumia sana hapo, na wazazi wachache hulikumbuka.

Matunzo nayo yatajwe kwa shilingi na tarehe. Ada ni vizuri ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Chakula, sare, nauli na matibabu vigawanywe kwa maandishi. Tumeni kwa simu au benki ili kumbukumbu zibaki. Kama hamuelewani kuhusu kiasi, mjue kuwa mahakama hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za eneo analoishi mtoto.

Na tafadhali, msichanganye matunzo na kumuona mtoto. Baba aliyechelewesha pesa anadaiwa pesa. Mtoto hashikiliwi kama dhamana. Vilevile, baba aliyenyimwa mtoto wikiendi hii hapati ruhusa ya kukata matunzo. Kila moja lina njia yake ya kudaiwa.

Kuna imani nyingine inayowatesa akina mama wengi mjini hapa: mtoto akifika miaka saba ni wa baba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi hivyo. Inasema inachukuliwa kuwa ni vema mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Baada ya umri huo hakuna mzazi anayemchukua moja kwa moja. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka pia yaangaliwe maoni ya mtoto mwenyewe akiyatoa kwa hiari yake, uzuri wa kuwaweka ndugu pamoja, na umuhimu wa malezi yasiyokatikakatika.

Mkishasaini mbele ya wakili, karatasi hiyo ni ushahidi mzuri, ila nguvu kamili inapatikana ikiingizwa mahakamani na kuwa amri. Wanaodai talaka kwa kawaida huanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la dini yao. Likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na shauri hufunguliwa ndani ya miezi sita tangu hati itolewe. Temeke kuna Kituo Jumuishi kinachoshughulikia mashauri ya ndoa na mirathi. Ambao hawakufunga ndoa wasikate tamaa: wanaweza kwenda Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto, na afisa ustawi wa jamii anaweza kuagizwa atembelee nyumba zote mbili na kuandika taarifa.

Maisha hubadilika, na sheria inalijua hilo. Mahakama inaweza kubadili au kufuta amri ya malezi au matunzo kama ilitokana na taarifa zisizo za kweli, au kama hali imebadilika kwa uzito. Kazi imekwisha, mzazi amehamishiwa Dodoma, mtoto anaumwa maradhi yanayohitaji kliniki kila mara: hizo ni sababu za kusikilizwa. Kwamba mwenzako ameoa tena, peke yake, kwa maoni yetu haitoshi. Onesha kilichobadilika kwa mtoto. Hata makubaliano mliyosaini wenyewe mahakama inaweza kuyabadili ikiona ustawi wa mtoto unadai hivyo.

Mkielewana, andikeni nyongeza yenye tarehe, msaini wote, na kama kuna amri, ipelekeni mahakama iliyoitoa. Msipoelewana, mmoja apeleke ombi pamoja na vielelezo: barua ya uhamisho, taarifa za hospitali, miamala ya simu. Mpaka amri mpya itoke, ya zamani inaendelea kuwabana wote. Kwa hiyo anayehamia Dodoma afungue ombi kabla hajampandisha mtoto basi, kwa sababu kumwondoa mtoto kwa mwenye hifadhi yake kisheria bila ridhaa ni kosa, hata kama anayemwondoa ni mzazi wake.