Siga nzito kwa bei ya kutupa

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Umeuliza kama huyo anayekuuzia siga nzito, yaani zenye tumbaku kali, kwa bei ya chini anakutapeli. Si lazima, lakini mwulize kwa nini anauza rahisi.

Akisema ni za Kuba, tena Cohiba, chapa yao maarufu, funga pochi yako. Bandia zake zimejaa duniani. Akisema zimejazwa vipande vilivyokatwakatwa badala ya majani marefu ya ncha hadi ncha, ziache pia: huwaka haraka na kukujaza chenga mdomoni.

Jibu ninalolipenda mimi ni kwamba zilikataliwa kwa sura. Viwandani hukagua sana jani la nje. Likiwa na doa, au rangi isiyolingana na wenzake, siga hiyo haivishwi pete ya karatasi yenye jina la chapa wala haiingii kwenye sanduku la mwerezi. Hufungwa kwa mafungu na kuuzwa nafuu, ingawa ndani mara nyingi tumbaku ni ile ile. Doa halina ladha, bwana!

Halafu usipime ukali wa siga kwa weusi wake. Jani la nje jeusi, liitwalo maduro, limekuwa jeusi kwa kuchachushwa muda mrefu zaidi, na aghalabu huleta utamu kuliko ukali. Ukali uko kwenye ligero, majani ya juu ya mche, yaliyopigwa jua kuliko mengine na kuvunwa mwishoni. Ni manene, yana mafuta, huungua polepole, ndiyo maana msokotaji huyaweka katikati. Kwa hiyo uliza ligero ni kiasi gani, na tumbaku imelimwa wapi. Mimi huchagua ya Estelí, Nicaragua: ladha ya pilipili manga mwanzoni, kisha kitu kama kahawa chungu.

Zikifika usiziwashe siku hiyo hiyo. Zipumzishe wiki kadhaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Ukisikia harufu kali ya amonia, bado hazijaiva. Na ule kwanza! Hata usipovuta moshi hadi mapafuni (na usiuvute), nikotini ya ligero kwenye tumbo tupu itakutoa jasho na kukutapisha. Madhara mengine unayajua, sikuhubirii.

Anza na fungu dogo, na mbili zangu usizisahau.

Wako,
Mvutaji mwenzako