Barua kwa mwanangu: bodi kwanza, injini baadaye

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku Chake, Pemba, ni wazima, alhamdulillah. Mama yako anakusalimia, na anauliza kama ile dawa ya kifua umeimaliza au umeiacha njiani.

Video uliyonitumia ya injini uliyoiona mtaa wa Gerezani, Dar, ile unayotaka tuifunge kwenye Starlet yetu ukakimbie mbio, nimeiangalia mara nyingi. Ni 4A-GE ya Toyota ya kweli, na kwa mlio wake bado ina pumzi. Nimefurahi sana, wala usidhani vyengine. Lakini nnakuomba usiilipie bado. Nisikilize kwanza habari ya bodi, maana hiyo ndiyo kazi yangu na ndiyo nnayoijua kuliko watu wote wanaokushauri huko mjini.

Injini hiyo sina ugomvi nayo. Toyota waliitoa 1983 kwenye Corolla AE86, na mwaka uliofuata wakaifunga nyuma ya kiti cha dereva kwenye MR2. Cc 1587, kamshafti mbili juu, valvu 16, hedi, yaani kichwa cha injini, wamesaidiana na Yamaha. Pistoni ina upana wa milimita 81 na mwendo wake ni 77 tu, ndiyo maana inapenda kuzunguka. Ile ya AE86 ya Japani iliandikwa nguvu za farasi 130. Sasa tazama Starlet yetu. Toleo lake, KP61, lilitoka kiwandani na injini ya 4K ya cc 1290, kabureta moja, valvu zinasukumwa na fito, na nguvu zake ni kama nusu ya hizo. Gari zima halifiki kilo 800. Nnaelewa kwa nini roho yako imeganda hapo: jepesi, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na Starlet zilizofuata kuanzia 1984 zote zikageuzwa kuvuta mbele. Umechagua gari sawa na injini sawa.

Ila gari hili halina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo chesisi. Shokapu za mbele zimeshika kwenye bati, mikono minne inayozuia ekseli ya nyuma imeshika kwenye bati, injini imekaa juu ya bati. Ukizidisha nguvu mara mbili, hizo nguvu zote zinakwenda kulivuta bati ambalo umri wake umepita miaka 40, na miaka mingi katika hiyo limelala kwenye upepo wa bahari.

Nimelitoa chini ya turubali, nikaanza kuligonga kwa nyundo ndogo, kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma. Unaijua kazi hii, umeniona nikiifanya tangu uko skuli. Bati zima hujibu kwa mlio mkavu. Nilipofika kwenye kikombe cha shokapu, upande wa dereva, mlio ukafa. Juu palionekana pazuri, rangi inang'ara. Nikapitisha bisibisi, ikaingia mpaka kwenye mpini. Nikakwangua: puti nene, chini yake kipande cha bati kimefungwa kwa riveti, na chini ya kipande hicho puti nyengine. Katikati mlikuwa na unyevu, na kutu inatoka kwa tabaka, unaibandua kwa kucha. Aliyelitengeneza zamani, Mungu amsamehe, aliziba tundu akaacha chumvi ndani. Chumvi inavuta unyevu hata siku za jua, na chuma kikipata maji yenye chumvi na hewa hakihitaji kitu chengine. Puti haizuii kutu. Inaifunika ili ile kwa utulivu.

Pale ndipo shokapu inaposimama, mwanangu. Ukifunga 4A-GE leo ukaenda nayo kwenye changarawe za Morogoro au Iringa, kikombe hicho kitapasuka kabla ya injini kupata moto.

Upande wa kondakta ni mzima. Sakafu ya mbele imeoza sehemu mbili, na boksi za chini ya milango zote mbili nitazifungua. Mashikio ya mikono ya nyuma nimeyakwangua mpaka chuma cheupe: la kushoto lina ufa mwembamba kwenye mshono, la kulia liko sawa. Nitayabadilisha yote mawili na kuyaongezea bati la milimita 3 lililopinda kufuata umbo. Sitaki moja liwe na nguvu kuliko mwenzake.

Kazi yenyewe itakwenda hivi. Kwanza napima pembe kwa pembe, kabla sijakata kitu. Nafunga kamba ya timazi kwenye tundu nne za chini zilizotoka kiwandani, naandika vipimo ukutani. Kisha nachomelea vyuma vya pembe kwenye uwazi wa milango, kwa sababu ukikata sakafu bila kuushika mlango, gari linakaa vibaya na mlango haufungi tena. Tangi la mafuta limeshatoka, betri imetoka. Viraka nakata kwenye bati jipya la milimita moja, na siweki juu ya kutu. Nakata mpaka nifike kwenye chuma kizima. Nachomea kwa mashine ya waya na gesi, waya wa milimita 0.6, kipande kifupi hapa, nahamia kule, narudi. Ukivuta mshono mrefu kwa mkupuo mmoja bati linajikunja na vipimo vyote vinapotea. Zamani huku kazi hii ilikuwa mtihani, umeme wa majenereta ukipanda na kushuka huku waya unatapika. Tangu ulipokuja umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga 2010, mtu anaweza kuchomea mshono ukatoka sawa.

Na wewe ukija kunisaidia, bati la mabati ya kuezekea usilisogeze karibu na kuchomea. Lina zinki, na moshi wake unampa mtu homa usiku mzima.

Tuje kwenye kizimba cha mabomba cha kukulinda gari likipinduka, hiyo keji. Umesema kuna fundi atakutengenezea kwa bomba la maji. Mshukuru, umwambie hapana. Bomba la maji lina mshono, na gari likibiringika linafunguka kwenye mshono huohuo, juu ya kichwa chako. Kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, zinataka bomba lisilo na mshono, chuma cha kaboni kilichovutwa baridi, chenye kuhimili angalau nyutoni 350 kwa milimita ya mraba. Upinde mkuu nyuma ya kiti uwe milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Mabomba mengine 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Na kila mguu wa upinde ukanyage bati la kuimarisha la unene wa milimita 3, lisilopungua sentimita 120 za mraba, lililochomewa kwenye bodi. Sasa unaona kwa nini nnashikilia sakafu? Mguu wa keji ukikanyaga bati lililooza, gari likipinduka bomba litatoboa sakafu litoke nje, na paa litakuja chini.

Wakati sisi vijana tulikuwa tunafuata Safari Rally kwenye redio. Audi walikuja na Quattro, Peugeot wakaja na 205, magurudumu yote manne yanasukuma. Toyota walikuja na Celica inayosukuma nyuma tu. Dereva wao Waldegård akashinda nayo 1984, mwenzake Kankkunen 1985, Waldegård tena 1986. Hazikuwa gari nyepesi wala za ajabu. Zilikuwa na bodi inayovumilia mashimo ya Kenya siku baada ya siku, na wenzao wengi wakabaki njiani na vyuma vilivyokatika. Mimi nilikuwa nimeanza kazi ya kugonga bodi wakati huo, na habari hizo ndizo zilizonifanya niipende.

Injini ikishakuja, habari zake ni fupi. Tafuta bloku tupu ya 4A, mbovu, ya bei ya chuma chakavu. Hiyo ndiyo tutakayopachikia mauntingi na kuangalia kama sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inagusa mwamba wa mbele, tuitoe na kuirudisha bila kuogopa. Yako nzima ikae kwenye sanduku mpaka siku yake. Giaboksi iwe T50 ya AE86, usikubali ya gari la kuvuta mbele. Propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, itakatwa na kubalansiwa Dar. Hakikisha mstari wa giaboksi na mstari wa difu ya nyuma unakwenda sambamba, ama sivyo krosi, zile viungo vya propela, zitakufa. Pampu ya mafuta ya 4K inatosha kabureta tu. Hii ina sindano za mafuta, inataka pampu ya umeme yenye presha na bomba la kurudishia mafuta kwenye tangi. Rejeta kubwa. Breki za mbele kubwa kabla hujaliwasha kwa mara ya kwanza. Ukikutana na mtu anakuuzia ile ya valvu 20 yenye farasi 160, jua kwamba distribyuta yake, inayogawa moto wa plagi, iko nyuma ya hedi na itagonga ukuta wa gari. Inawezekana, lakini ni kazi ya ziada juu ya kazi. Mimi ningebaki na ya 16.

Na jambo la barabara. Gari hili likikamilika litapanda meli Mkoani likiwa halijawahi kukimbizwa hapa kisiwani. Barabara ya Wete watu wameanika karafuu pembeni, watoto wanatoka madrasa, wazee wanavuka bila kuangalia kwa sababu ni kwao. Mbio ni Bara, kwenye njia iliyofungwa, na gari la wagonjwa limesimama. Hilo sitalijadili na wewe.

Ami yako amekubali kutupa nafasi kwenye banda lake mpaka msimu wa mvua upite, kwa hiyo bodi haitalala nje tena. Ukija mwisho wa mwezi niletee roli mbili za waya wa 0.6, diski za grainda za kukatia, na rangi ya kuzuia kutu ile ya zinki, kopo kubwa. Na ulizia bei ya bomba la 45 kwa 2.5 lisilo na mshono, wakupe karatasi ya kiwanda inayoonyesha chuma chake. Wakikwambia karatasi haipo, toka ukaulize duka jengine.

Baba yako anayekupenda,
Machomanne, Chake Chake