Waliochagua jela badala ya faini

Mhariri,

Kila Februari husikia redioni habari za vijana wanne weusi wa Greensboro, Marekani, walioketi kwenye kaunta ya chakula ya wazungu pekee katika duka la Woolworth tarehe 1 Februari 1960 wakaagiza kahawa. Nafurahi kuzisikia, lakini nabaki na dukuduku. Husimuliwa kana kwamba waliketi, wakanyimwa, wakashinda. Jela haitajwi.

Wanne wale hawakukamatwa siku ile. Rumande waliionja waliowafuata. Tarehe 27 mwezi huohuo, huko Nashville, wanafunzi zaidi ya 80 walitiwa mbaroni, na waliowapiga ngumi wakiwa wameketi kimya waliachwa waende zao.

Kisa ninachokifundisha mimi ni cha Rock Hill, Carolina Kusini. Tarehe 31 Januari 1961 vijana kumi, wengi wao wanafunzi wa Chuo cha Friendship, waliingia duka la McCrory's. Mtu mweusi aliruhusiwa kununua daftari au sabuni mle na fedha yake ikapokelewa vizuri, ila akikaa kwenye kiti cha kaunta ya chakula amevunja sheria. Wakakaa. Kesho yake hakimu akawapa hiari: faini ya dola 100 au siku 30 za kazi ngumu.

Tisa wakachagua kifungo. Wakapelekwa shamba la magereza la kaunti kupakia mchanga kwenye malori.

Nilipofika hapo, msichana mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono: "Mwalimu, kwani hiyo faini iliwashinda?" Darasa zima likanigeukia. Nikawaambia faini ingelipika, lakini ingeingia mfuko uleule wa serikali iliyowakamata, na kila dhamana ilizidi kukausha kibubu cha harakati za kupinga ubaguzi. Mfungwa, kwa upande wake, ni wa kulishwa na kulindwa, na gharama hiyo inamrudia aliyemfunga. Nikawaambia pia habari za yule wa kumi. Alilipa, kwa kuwa alihofia kupoteza ufadhili wa masomo alioupata kwa michezo. Sitaki mwanafunzi wangu amnyooshee kidole. Aliketi kama wenzake, akafungwa pingu kama wenzake, na wengi wetu tungelipa mapema zaidi.

Siku chache baadaye wanafunzi wanne kutoka miji mingine, Diane Nash akiwa mmoja wao, walisafiri hadi Rock Hill, wakaketi, wakafungwa nao. Walikwenda wakijua kinachowangoja.

Hukumu ile ilibaki kwenye majalada hadi Januari 2015. Miaka 54! Aliyeifuta ni jaji ambaye ami yake ndiye aliyewahukumu. Nimelipokea kwa shukrani, na bado lanichoma, kwani wapo waliozeeka na jina la mhalifu kwa kosa la kuagiza chakula.

Na tusidhani ni mambo ya mbali. Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, Jaramogi Oginga Odinga, wakati huo waziri wa mambo ya ndani, alikuwa ziarani Atlanta. Vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi hao wanaharakati, walikwenda kumwona hotelini, wakaimba naye nyimbo za uhuru. Walipotoka waliingia mkahawa wa Toddle House uliokuwa jirani, wakakataliwa huduma kwa rangi yao, wakakataa kuondoka, wakakamatwa. Walitoka mkononi mwa waziri wa taifa huru la Waafrika wakaingia moja kwa moja kwenye karandinga.

Wanafunzi wangu hawakuwahi kukisikia kisa hiki. Nami nilikuwa nimefundisha miaka mingi kabla ya kukijua, jambo linaloniuma. Ombi langu, mhariri, ni kwamba Jamhuri ijayo mkitenga kurasa za historia, mtenge japo safu moja kwa vijana wa Atlanta.

Mwalimu wa Historia,
Kisumu