Helistat iliangushwa na magurudumu

Mhariri,

Nimesoma kurasa zenu za usafiri wa anga kwa miaka mingi bila kuwaandikia neno, lakini ripoti yenu kuhusu vyombo vya kunyanyulia mizigo mizito haivumiliki. Mwandishi anataja Helistat, chombo cha Marekani kilichoanguka mwaka 1986, na kudai kuunganisha puto na helikopta kulijaribiwa kukashindikana, basi yameisha. Hayajaisha.

Helikopta hula nguvu nyingi kujibeba yenyewe. Mita moja ya ujazo ya heliamu, gesi nyepesi ya kujazia puto, hunyanyua takriban kilo moja, kwa hiyo ukiunganisha puto na helikopta, gesi ikibeba uzito wa chombo kitupu, pangaboi hubaki na mzigo tu. Mzigo ukishashushwa, rubani anapunguza nguvu ya pangaboi, chombo kinatulia. Puto la peke yake likishusha tani 20 lazima lipakie farumi, yaani uzito wa kulituliza kama maji au mchanga, ya tani 20 papo hapo, la sivyo linachomoka kwenda juu. Katikati ya msitu farumi hiyo itatoka wapi? Ripoti nzima haikuligusa jambo hili, na ndiyo sababu ya chombo chenyewe kubuniwa.

Sasa hiyo PA-97 Helistat ya kampuni ya Piasecki. Ilikuwa puto la jeshi la majini la Marekani, lenye urefu wa zaidi ya mita 100, likiwa na helikopta nne za Sikorsky H-34 zilizofungwa kwenye fremu ya aluminiamu chini yake. Iliruka kwa mara ya kwanza Aprili 1986. Julai mosi mwaka huohuo, pale Lakehurst, New Jersey, ilianguka na rubani mmoja akafariki. Ilikuwa chini, ikijaribu kupaa, upepo ukaigeukia. Magurudumu yake hayakuwa na vizuia mtikisiko, yakaanza kuyumba kushoto na kulia kwa kasi. Helikopta zikaitikia mtetemo ule, kila mzunguko ukiuongeza, na fremu haikuwa imeundwa kuhimili mtikisiko wa namna hiyo. Ikakatika, helikopta zikang'oka. Heliamu haikuhusika, wala wazo la kuunganisha nguvu mbili za kunyanyua, ya gesi na ya pangaboi. Kifaa kidogo cha kwenye mguu wa gurudumu ndicho kilichokosekana, na mtu akafa! Ukiandika "ilishindikana" ukaishia hapo, mhandisi kijana atajifunza nini?

Halafu mkabandika picha ya Hindenburg, ndege-puto ya abiria ya Ujerumani, ikiungua. Ile ya 1937 ilijazwa hidrojeni, gesi inayowaka. Heliamu haiwaki. Mara ngapi msomaji atatishwa kwa picha isiyohusika?

Tatizo halisi ni upepo: kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma ubavu wa puto huongezeka mara nne, huku mzigo ukining'inia kwenye kamba juu ya vichwa vya mafundi. Hilo mngeliuliza.

Basi kila mtakapochapa tani ambazo chombo cha aina hii kinaahidi kubeba, chapeni pembeni yake, kwa herufi za ukubwa uleule, uzito wa chombo kitupu, ujazo wa gesi, na kasi ya juu kabisa ya upepo wa ubavuni ambayo kinaweza kuelea papo hapo kikiwa na mzigo. Mtengenezaji akikosa hata namba moja kati ya hizo, habari yake isubiri.

Msomaji wenu wa siku nyingi