Risala ya Wanafunzi Watafiti wa Usalama wa Mtandao kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uongozi wa chuo, wawakilishi wa mashirika ya nishati, wahadhiri wetu, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua ratiba yako imebana, hivyo tunaingia moja kwa moja kwenye ombi: ufadhili wa utafiti wa pamoja kati ya vyuo vikuu na mashirika ya nishati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tarehe 23 Desemba 2015, mafundi waliokuwa zamu katika chumba cha udhibiti nchini Ukraine waliona kishale cha kipanya kikitembea chenyewe kwenye skrini na kuzima vituo vya kupozea umeme, kimoja baada ya kingine. Wateja wapatao 225,000 walikaa gizani kwa saa kadhaa. Wadukuzi walikuwa wameingia miezi mingi kabla, kwa baruapepe zenye viambatisho. Kilichookoa jahazi ni mafundi kupanda magari, kwenda vituoni na kuwasha swichi kwa mkono. Mwaka uliofuata Kyiv ilishambuliwa tena, safari hii kwa programu iliyoandikwa mahususi kuzungumza na mitambo ya gridi.

Hapo ndipo penye kazi yetu. Kompyuta ya ofisini unaweza kuizima usiku ukaisasisha, asubuhi ikaendelea na kazi. Rilei, yaani kifaa kinachoamuru umeme ukatwe hitilafu inapotokea ili kulinda transfoma, huizimi hovyo, na nyingine zilifungwa kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Huwezi pia kujaribu shambulio kwenye gridi inayohudumia hospitali. Mwaka 2007, Maabara ya Taifa ya Idaho, Marekani, ilipotaka kujua kama amri za kompyuta pekee zinaweza kuharibu jenereta, ilitenga jenereta ya dizeli kwa jaribio hilo. Ilitikisika, ikatoa moshi, ikafa. Bila kifaa halisi cha kuharibu, jibu lingebaki kuwa hoja ya mezani.

Nasi tunafundishwa haya kwa michoro ubaoni. Tunaomba mashirika yatupatie rilei na vidhibiti vinavyoondolewa kazini badala ya kuviuza kama chuma chakavu, pamoja na kumbukumbu za mitandao yao zilizofutwa taarifa za wateja.

Kuhusu fedha, Mheshimiwa, muda ni muhimu kuliko hata kiasi. Ufadhili wa mwaka mmoja huisha mwanafunzi wa uzamivu akiwa ndiyo kwanza ameruhusiwa kuingia kituoni. Chuo Kikuu cha Illinois na vyuo wenzake walianza utafiti wa gridi mwaka 2005 kwa fedha za serikali ya Marekani, na kazi ikaendelezwa kwa awamu kwa zaidi ya miaka 10. Tunaomba mikataba isiyopungua miaka minne.

Lipo jambo moja nyeti, na tutalisema mbele ya wenyewe. Shirika lina haki ya kupewa muda wa kuziba udhaifu ambao mtafiti ameugundua kwenye mitambo yake kabla haujatangazwa. Lakini mkataba unaomfunga mtafiti mdomo milele humnyima shahada, kwa kuwa hawezi kuchapisha alichokipata, na huyaacha mashirika mengine yenye kifaa kilekile bila habari. Tunapendekeza ukomo wa usiri uandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.